Nilivyojipeleka Mwenyewe kwenye Ngoma ya Mbale

Sipendi kuisimulia hii, ila binamu yangu ameshaifikisha shuleni kwetu Jinja, na anavyoisimulia yeye mimi nalia tangu mwanzo mpaka mwisho, kumbe nililia mwishoni tu, kwa hiyo afadhali mniulize mimi mwenyewe nijiaibishe vizuri.

Mama yangu ni Mgisu, baba ni Msoga, nyumbani Walukuba, hapo hapo Jinja. Likizo ya senior three mama alichoka kuniona nalala hadi jua kali, akanipeleka Mbale kwa kaka yake, Mjomba Masaba, mwenye mashine ya kusaga unga, "ukajue kazi ni nini." Nikajua siku ya kwanza: kazi ni kubeba gunia, kumwaga mahindi, kupiga chafya, halafu kubeba gunia lingine. Niliichukia kabisa.

Aliyeniponza ni Onyango, Mkenya anayeendesha ile mashine, mtu mzima mwenye watoto wake, lakini alikuwa anacheza nayo kama wako harusini, anachekecha unga huku anatikisa mabega, na akina mama waliopanga foleni na mabeseni yao wanacheka mpaka wanasahau kwamba wamechelewa. Nikamuuliza anawezaje.

"Kijana, hii kazi itakula siku yako, upende usipende," akaniambia. "Sasa si uitafutie raha yake?"

Nami (hapa ndipo nilipoharibu) nikaitafuta. Nikatoboa vizibo vya soda, nikavifunga miguuni viwe vinalia nikitembea, nikachukua fimbo ya kusukumia mahindi kwenye mdomo wa mashine nikawa naizungusha hewani, na kweli magunia yakawa mepesi, akina mama wakanipenda, nikajiona fundi.

Sasa, ulikuwa mwaka wa imbalu, ambapo vijana wa Kigisu wanazunguka na ngoma kualika ndugu zao kabla ya kutahiriwa, wamepakwa unga mwilini, njuga miguuni, fimbo mkononi. Halafu nitazameni mimi, natoka mlangoni kwa Mjomba siku ngoma inapita, mweupe kuanzia nywele mpaka kucha, vizibo vinalia, fimbo ninayo.

Miguu ilitangulia, sikuiita. Nikaingia katikati, nikaruka, wanawake wasionijua wakapiga vigelegele, na mzee mmoja mwenye filimbi, aliyekuwa anaongoza, akanisogelea.

"Wewe wa nani?"

"Mama yangu ni dada yake Masaba wa mashine."

"Na umejiandaa?"

Ningesema hapana, mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo wangu mnaujua. "Mzee, mimi hata woga siujui unafananaje."

Hakucheka. Akapuliza filimbi, ngoma zikaongeza kasi, watu wakanizunguka, na nikamsikia akiwaambia wenzake kwamba kijana lazima apelekwe kwa mjomba wake akubaliwe, na mjomba akishakubali mbele ya watu hakuna kurudi nyuma, ukikimbia kisu aibu ni ya ukoo mzima. Nilitaka kusema natania. Ngoma zikanimeza sauti. Vile vizibo vikawa vinalia vyenyewe kwa jinsi magoti yalivyotetemeka (watu wakadhani ni mbwembwe, wakashangilia zaidi).

Tukafika. Onyango akazima mashine. Foleni nzima ikageuka. Mjomba akatoka anafuta mikono kwenye suruali, akanitazama, akautazama umati, akanitazama tena.

"Masaba, mtoto wa dada yako huyu," mzee akasema. "Anasema haogopi. Toa neno lako."

Nilimwomba Mjomba kwa macho. Yeye akasema, "Ana mdomo. Aseme mwenyewe mbele yenu."

Pembeni yangu alikuwa amesimama kijana mwenyewe wa kutahiriwa, mwenye siku yake, rika langu, unga umeshikana na jasho, hatabasamu, anapumua polepole kama mtu aliyebeba kitu kizito na hataki kimwagike. Watu wote hawa walikuja kwa ajili yake, na mimi nimewasimamisha barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa kazini. Hapo ndipo nilipolia.

"Huu ni unga wa posho tu, wa mahindi ya mashineni," nikasema. "Mjomba, nilikuwa nafurahia kazi."

Mama mmoja kwenye foleni akaweka beseni chini ili acheke vizuri, na barabara nzima ikamfuata.

"Alisema haujui woga," mzee akamwambia Mjomba. "Basi leo wamejuana."

Mjomba aliomba radhi kwa niaba ya ukoo, akampa yule kijana gunia la unga, na mzee akaamua nilibebe mimi nyuma ya ngoma mpaka kwao, bila kucheza hata bega. Njia nzima watoto walinifuata wakiniita mwanaume. Nilipolishusha uani kwao, yule kijana akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwenu Jinja mko wengi wa namna hii?"

Nimeapa: nikisikia ngoma nakaa chini, kwanza nauliza ni ya nani. Ila cha ajabu, kazi ya Mjomba niliipenda kwelikweli baada ya siku hiyo. Mashine ikishawashwa inanguruma kiasi kwamba huwezi kusikia watu wanavyokucheka.