Mama wa Abdulwahabu Hatembei kwa Miguu

Mimi nina hasira, na sifichi. Nauza mboga mbele ya duka la Abdulwahabu hapa Karatu mjini, na aliyenipa hicho kibaraza ni mama yake, Bi Mwanamisi, nilipotoka kijijini Buger na mwanangu Martini mgongoni. Kwa hiyo mtu asije kuniambia, "Laurencia, ya nyumba ya watu yaache." Yananihusu!

Duka lile kalisimamisha yeye. Mumewe alipofariki, alibeba mifuko ya sukari mwenyewe, mchana anapanda kilima kwenda nyumbani kuswali na kupika, kisha anashuka tena. Mwaka jana mvua ilinyesha, akateleza kwenye ngazi ya duka, akavunjika kifundo cha mkono. Hospitali wakampima, wakasema mifupa imepungua nguvu kwa sababu ya umri. Nilikuwepo. Eunike, yule dada wa mazoezi ya viungo, alieleza mbele ya mwanawe: mkono ukipona, bibi atembee kila siku, ainuke kwenye kiti bila kuvutwa, anywe maziwa, ale dagaa. Akikaa tu, mwili utazidi kulegea, na akianguka tena huenda ikavunjika nyonga.

"Sawa, dada," Abdulwahabu akaitikia.

Sawa gani! Alichosikia yeye ni kwamba mama amekuwa kama sahani ya udongo. Akanunua sofa, akamzungushia mito. Maji analetewa. Kuoga anaogeshwa na Kauthar, mke wa Abdulwahabu. Kuinuka anashikwa makwapa huku na huku, "Taratibu mama, pumzika mama." Mwishowe mama wa watu akawa hawezi kutoka chooni bila kuita. Aliniambia hayo analia, nami damu ikanichemka.

Mkono ulikuwa umeshapona, nikamtoa. Tukaenda polepole kuelekea sokoni. Hata hatujafika, bajaji ikasimama mbele yetu, imetumwa na Abdulwahabu kuja kumchukua. Wenzake wa madukani walikuwa wameshampigia simu: "Tumemwona mama yako anatembea kwa miguu, kulikoni, umefilisika?" Jamani! Wazungu wenye mvi wanapita mji huu na fimbo zao kwenda kupanda milima, na sijasikia mtu akiuliza kama wamefilisika.

Jioni akanijia kwenye meza yangu.

"Shikamoo, Mama Martini. Nakuomba, mama usimtembeze. Watu wanaona simtunzi."

"Marahaba. Hao watu ndio wanaomwinua chooni?"

Akaondoka. Lakini Kauthar, aliyekuwa dukani jioni ile, alinisikia, na kesho yake nikakuta mlango wa uani kwao umeachwa wazi. Tangu hapo, mume akishakwenda dukani, sisi wanawake tuko uani. Bi Mwanamisi anashika ukuta, anainuka, anakaa, anainuka tena, anayatukana magoti yake kwa Kirangi mpaka Kauthar anacheka. Tukimaliza tunazunguka nyumba. Siku nyingine anakasirika, anasema hawezi, nami namwambia nyamaza, inuka.

Ramadhani ilipofika, Abdulwahabu akaalika watu kwa futari, hadi wafanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola na wake zao. Nami nikaitwa. Bi Mwanamisi akakataa kabisa kukaa kwenye kiti, akashuka jamvini na wanawake wenzake. Wageni walipoanza kuaga, Abdulwahabu akaja mbio kutoka upande wa wanaume, mikono tayari kumshika makwapa.

"Niache."

"Mama, utaanguka mbele za watu!"

"Ukinigusa, radhi zangu huzipati."

Mikono ya Abdulwahabu ikabaki hewani. Mama akageuka, akaweka goti moja chini, akakandamiza kiganja jamvini, akajisukuma. Akakwama katikati. Nilitaka kuruka nimshike, Kauthar akanivuta kanga. Ile hasira niliyokuwa nayo kwa yule kijana, siku hiyo ningemzaba kibao. Miguu ikamtetemeka mama, akapumua, akasukuma tena, akasimama. Peke yake.

Abdulwahabu alikuwa akibubujikwa na machozi. Mama akajifunga kanga yake vizuri, akamtazama.

"Kunibeba mtanibeba, mwanangu. Siku hiyo nitakuwa kwenye jeneza, sitabishana nanyi. Isubirini."