Nilimsomea Mwenyekiti Saa ya Uongo

Nimekosa, na wala sikuteleza. Nilikusudia! Msinionee huruma.

Sisi Wakristo wa Amu ni wachache, wengi tumetoka bara. Kina mama wa kanisa letu walipochagua mwenyekiti, wakamchukua muuza mahamri asiyejua hata kusoma vizuri. Mimi niliyemaliza kidato cha nne wakanipa ukatibu, nimsomee ujumbe wa simu! Kila Jumapili nikimwona kwenye kile kiti cha mbele chenye kitambaa cha kufuma, roho iliniuma kama jino.

Siku hiyo tulikuwa tuwatembelee walimu wa bara wanaosali nyumbani kule Kizingitini. Mashua huondoka kwa kufuata maji. Yakipwa, kwenye mikoko haipiti. Mchungaji aliandika saa mbili. Mimi nikamsomea Mwenyekiti, "Saa nne."

Gatini Mchungaji akauliza, "Mwenyekiti yuko wapi?"

"Labda bado anageuza mahamri," nikasema. Kina mama wakacheka.

"Pandani, Bi, maji yapwa!" nahodha akafoka. Tukaondoka. Simu nikaizima, asije akanipigia.

Kizingitini nikasimama mahali pake. Nikafundisha nini? Unyenyekevu! Yesu alivyojifunga taulo akaosha miguu ya wanafunzi. Wakapiga makofi. Jamani, nilivyoyapenda yale makofi!

Tulirudi alasiri, maji yalipojaa. Nikawasha simu: jirani niliyemwachia binti yangu wa mwaka mmoja alikuwa amenipigia mara kumi na moja. Nikampigia: mtoto alishikwa na degedege! Jirani akabaki kupiga mayowe mlangoni, na aliyepita ni nani? Mwenyekiti, anatoka gatini na sufuria ya mahamri kichwani, mashua imemwacha. Akaitua papo hapo njiani, akambeba mwanangu mbio hadi hospitali.

Nikakimbilia hospitali, nikamkuta amempakata. Nilipomnyooshea mikono, mwanangu akageuza uso, akamng'ang'ania yule shingoni. Na hapo pia, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu!

"Mchukue, mdogo wangu," akaniambia. "Daktari asema ameponea chupuchupu." Akanitazama. "Ile saa nne yako imetufaa."

Anajua! Na hajamwambia mtu. Jumapili akanisogezea kile kiti cha kitambaa, nikae na mtoto. Nilikikalia nikilia kwa hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Dada unayekitamani kiti cha mbele, mwache mwenzio akikalie. Na simu yako usiizime.