Kidole cha Leonsi

Nakumbuka alasiri moja ya baridi, upepo wa Ufipa ukigonga bati kama mtu anayetaka kufunguliwa, Mwalimu Gaspari aliponishika kiganja katikati ya wimbo na kulinyamazisha gitaa lote.

"Hapo umefundishwa na nani?"

"Na wewe, mwalimu."

"Mimi sifundishi uchafu. Rudia."

Nikarudia. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, wa mazoezi tu. Aliutunga yeye, akampa kila mwanafunzi aliyepita katika chumba chake pale Katandala. Katikati yake sauti inapanda, na kidole kidogo kinatakiwa kifike juu mapema. Changu kilichelewa, kikagusa uzi wa jirani, ikatoka sauti moja ya ziada, fupi, kama kwikwi. Mwalimu Gaspari alikuwa mtu wa majivuno, mwenye kofia ambayo hakuivua hata alipokunywa chai. Siku hiyo aliivua.

"Hicho kidole si chako," alisema. "Hicho ni cha Leonsi."

Mwanangu, sijawa mzee kamili; ni magoti tu yaliyotangulia. Lakini umenieleza kwamba umepata gitaa na mwalimu, na kwamba jioni unafanya mazoezi sebuleni mbele ya shangazi zako, nao wanakupigia makofi. Hayo makofi ndiyo yaliyonikalisha chini nikuandikie.

Leonsi alikuwa baba yangu mdogo. Alikuwa akishuka Kirando, ziwani, kununua dagaa na kuja kuwauza Sumbawanga, na katika safari moja boti waliyopanda iligeuzwa na mawimbi. Wenzake walipatikana. Yeye ziwa halikumrudisha. Tulikaa matanga bila kaburi, na siku ya kuanua wazee wa ukoo walinikalisha mkekani, wakanivisha koti lake, wakanipa jina lake na gitaa lake, ili jina lisipotee. Hiyo ilikuwa desturi ya kwetu. Tangu saa ile wadogo wa marehemu, wanaume wenye ndevu, waliniamkia shikamoo, nami nilikuwa mwanafunzi wa sekondari nisiyejua kufunga tai. Niliitikia marahaba kwa sauti nzito. Sikuona ubaya wowote.

Nikapelekwa kuishi kwa mjane wake, Mama Mdogo, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa karibu na shule. Zingatia hili: nilikulia Mpanda, baba alikokuwa akifanya kazi. Leonsi sikuwahi kumsikia akipiga gitaa hata mara moja.

Sasa nikueleze nilivyokuwa nikifanya mazoezi. Nikitoka shule nilikaa kwenye kitanda chumbani kwangu, mlango wazi, Mama Mdogo akiwa jikoni, nikipiga wimbo wa Mwalimu Gaspari toka mwanzo hadi mwisho, kisha toka mwanzo tena. Nilikosea kila mahali, kama mtu yeyote anayeanza. Makosa mengine yote yalipita kimya. Lakini siku ile ya kwanza kidole kilipochelewa pale juu na ile kwikwi ikatoka, nilimsikia Mama Mdogo akiitika kutoka jikoni.

"Abee!"

Nikaacha kupiga. "Sijaita, mama."

Alikuja mpaka mlangoni, mikono imejaa unga, akinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Umeniita," alisema. "Endelea, Leonsi."

Siku hiyo nililetewa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa chumbani, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwahi kutokea. Kesho yake kwikwi ikatoka tena. "Abee!" Viazi vikaja. Haikuchukua muda makosa mengine yakaniacha moja moja, hilo likabaki, likazidi kuwa safi. Nilikuwa nikilipiga vizuri kuliko wimbo wenyewe.

Mama Mdogo alichangamka. Alinunua kitenge. Akaanza kuweka sahani ya ziada mezani, halafu akawa anaiondoa bila kusema kitu. Jirani yetu, Mama Zaituni, alinisimamisha bombani.

"Leonsi, leo asubuhi umelicharaza gitaa kweli. Nimefua nguo zote nikikusikiliza."

"Asubuhi nilikuwa shule, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ilikuwa redio," alisema, akaiondoa ndoo yake kabla haijajaa. Hatukuwa na redio, naye alilijua hilo.

Nimesoma chuo kikuu, mwanangu. Wenzangu huko waliposikia natoka Sumbawanga, mji unaosifika kwa uchawi, walisogeza sahani zao, nami nilijifanya kucheka na kuwaeleza habari za saikolojia. Maelezo ninayo mengi mpaka leo, na yote yana mantiki. Hakuna hata moja ninalolikumbuka nikiwa peke yangu na gitaa.

Kisha akaja kaka yake Mama Mdogo kutoka kijijini Kate, Mjomba Tobia, kumchukua dada yake akalime kwao, kwa kuwa chakula kilikuwa kinaisha na mjini hakuwa na mtu. Alipomweleza, Mama Mdogo alicheka.

"Niende wapi na mume wangu yupo? Humsikii?"

"Dada, huyo ni mtoto wa shule."

"Huyo huyo. Subiri apige."

Mjomba Tobia alinitazama. Nami, nikiwa na gitaa mapajani, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba mama huyu angekaa katika nyumba ile akimsubiri mtu wa ziwani mpaka na yeye aishe, na kwamba kilichomshikilia pale ni kidole changu kidogo. Sikupiga. Mjomba aliondoka, akasema angerudi mvua za kwanza zikianza.

Hayo yote nilimsimulia Mwalimu Gaspari alasiri ile alipoivua kofia. Alisikiliza akiukaza uzi uliolegea.

"Leonsi nilimfundisha mimi," alisema. "Hapo pamenishinda kumnyoosha. Kila nikimrekebisha hapa, anarudi kesho na ileile. Nikamuuliza, akaniambia mke wake anacheka akifika hapo, anamwambia 'unaniita?'. Mtu mzima na akili zake, akakataa kurekebishwa. Sasa wewe. Ukikosea hapo nyumbani, kunatokea nini?"

"Napewa viazi."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha uso ukabadilika. "Viazi vinaeleza kwa nini hukuacha. Mara ya kwanza je? Kabla ya viazi?"

Nilikitazama kidole changu. Naye, mtu mwenye jibu la kila kitu, akaiokota kofia yake na kuivaa tena. 

"Sikiliza," alisema, kwa ukali wa mtu anayejitoa hofu. "Wewe hufanyi mazoezi. Wewe unatumbuiza. Unaukimbiza wimbo mzima ili ufike pale unapopendwa. Nenda kafunge mlango. Chukua zile sauti chache tu, iliyo kabla na zilizo baada, basi. Zipige polepole mpaka uone aibu. Ukikosea, simama, usipite juu ya kosa. Vidole havijui lipi ni kosa na lipi ni wimbo; vinashika unachovipa. Na usirudi kwangu mpaka kidole kiwe chako."

Nilifunga mlango. Mama Mdogo aliniuliza kama naumwa. Nilipiga polepole kiasi kwamba haukuwa wimbo tena, ulikuwa kama matone ya maji yanayodondoka kwenye sufuria. Kila nilipokaribia pale juu, kidole kilisita, na kusita kwenyewe sikukupenda: si kama kidole kisichojua njia, bali kama mtu aliyeshikwa mkono na mwingine asiyetaka kuondoka. Nikasimama. Nikarudi nyuma. Nyuma ya mlango nilisikia kandambili zikija, zikisimama, zikingoja. Zilingoja kila siku. Hakukuwa na viazi.

Siku mawingu ya kwanza ya mvua yalipojikusanya juu ya mji, nilizipiga zile sauti na kidole kikafika mapema, peke yake, safi. Nikarudia. Kikafika. Nikaupiga wimbo mzima kwa mwendo wake, ukapita pale juu kama maji.

Kandambili zikarudi nyuma hatua.

"Nani anapiga humo?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta mgeni ndani ya nyumba.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani?"

Ningeweza kusema lile jina la mkekani, ningelala nimeshiba. "Festo," nilisema. Lilikuwa jina langu la ubatizo, na katika nyumba ile halikuwahi kutamkwa.

Alifungua mlango. Alivitazama vidole vyangu muda mrefu. "Leonsi hajui kupiga hivyo."

"Hajui, mama."

"Basi hayupo," alisema. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akalia kilio ambacho siku za matanga hakikuwa kimetoka. Mama Zaituni alikuja mbio, akamkumbatia bila kuuliza. Mjomba Tobia alipofika, alikuta mizigo imefungwa.

Basi, mwanangu, nikutamkie waziwazi. Nyumbani fanya mazoezi mlango umefungwa, mbali na wanaokupenda, maana wao huyapenda hata makosa yako, na vidole vina masikio. Pale panapokushinda papige peke yake, polepole, kwa muda mfupi, kila siku. Wimbo mzima uache kwa siku za furaha. Mwalimu wako akikusimamisha, usinune: yeye tu ndiye asiye na sababu ya kulipenda kosa lako. Na kidole chako kikianza kukosea kwa namna usiyojifunza popote, usikimbie, wala usitafute maelezo. Punguza mwendo, usimame, urudi nyuma.

Mungu akupe mwalimu mkali na subira ya kumvumilia. Akujalie vidole vinavyokusikiliza wewe peke yako. Na siku utakapoupiga wimbo sawasawa, mtu akiuliza nyuma ya mlango ni nani, uwe na jina lako la kumjibu.