Nyambizi ya Bwawa la Ng'ombe

Harufu ya mafuta ya kukamulia ndiyo harufu ya utoto wangu. Nyumbani kwetu, juu kidogo ya Kapkatet, kopo lake lilikaa kwenye dirisha la jikoni, na hakuna kilichoharibika ambacho halikuitwa kukiponya. Chuchu za ng'ombe zilipakwa, hiyo ikiwa ndiyo kazi yake halali. Lakini ilipakwa pia mikono ya mama iliyopasuka kwa kuchuma majani chai, bawaba za mlango, viatu vya baba vya kanisani, na nyuso zetu sisi watoto, ambazo kila Jumapili ziling'aa hadi mchungaji akafinya macho. Kwa hiyo, mwaka ule nikiwa darasa la saba, Atieno aliponiambia tunahitaji kitu cha kuzuia maji yasiingie kwenye nyambizi yetu, sikufikiri hata kidogo. Nilikimbilia dirishani.

Nyambizi, ndiyo. Msicheke. Ile meli inayosafiri chini ya maji, ambayo mimi na Atieno tulikuwa tumeiona kwenye picha moja tu, katika kitabu cha sayansi cha shule kisichokuwa na jalada. Atieno alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Watu wao walitoka upande wa ziwa, na mama yake alichuma chai katika shamba la kampuni lililopakana na kishamba chetu. Waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, ng'ambo ya bwawa walikokunywa maji ng'ombe wetu. Mdogo wangu alikuwa ameletewa gari la rimoti na shangazi kutoka Nairobi, na kama kawaida yake akayavunja magurudumu yote kabla shangazi hajamaliza chai. Mimi niliona takataka. Atieno alilifungua kwa ncha ya kisu, akanionyesha mota mbili ndogo, moja ya kusukuma na nyingine ya kukata kona, zote nzima kabisa. Akasema gari haliwezi kutembea tena, lakini hakuna aliyesema haliwezi kuogelea.

Tulianza kama mchezo. Kisha likizo ya Agosti ikaingia, kampuni ikaleta mashine za kuchuma chai, na mama yake Atieno akawa miongoni mwa walioambiwa kazi imekwisha. Wangerudi kwao mwisho wa mwezi. Kaka wa mama yake, Mjomba Ouma, mwenye karakana ya kutengeneza injini za maboti kule Kisumu, angekuja kuwachukua na pikapu. Alikuwa amekubali kumsomesha mtoto mmoja wa dada yake, mmoja tu, kwa kuwa alikuwa na watoto wake pia. Kila mtu alijua huyo angekuwa Odhiambo, kaka yake Atieno, ambaye shule yenyewe aliipenda kama kudungwa sindano. Atieno angebaki nyumbani kulea wadogo. Aliniambia hayo huku akisugua bomba la nyambizi kwa msasa, bila kuinua uso.

"Mjomba anapenda mtu wa mashine," alisema. "Ikizama na kurudi juu akiwa hapo, atanichukua mimi."

Nilichukua kipande cha pili cha msasa nikaanza kusugua upande wangu.

Mwili wa nyambizi ulikuwa kipande cha bomba la plastiki kilichobaki baba alipovuta maji hadi zizini. Propela tuliikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, tukaifunga kwenye spoki ya baiskeli, na spoki tukaipitisha ndani ya ganda la biro. Betri na nyaya za lile gari zilikaa ndani, juu ya kibao. Mdomo wa bomba tuliuziba kwa kifuniko cha kukaza, na kati ya kifuniko na bomba tukaweka mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mpira huo ndio nilioupaka mafuta ya kukamulia, kwa mikono miwili, bila uchoyo. Kisha tukagombana. Mimi nilitaka tuijaze kokoto, iwe nzito, izame mara moja watu waone maajabu. Atieno alikataa katakata. Alitaka iwe nyepesi kidogo tu kuliko maji, mgongo wake uchungulie, halafu izamishwe na nguvu ya propela pamoja na vibapa viwili vya bati tulivyoviweka ubavuni, ambavyo ile mota ya kukata kona iliviinamisha. Injini ikizima, alisema, lazima irudi yenyewe. Tulinuniana siku nzima. Mwishowe nilikubali, si kwamba nilielewa, ila alikuwa amezikalia kokoto zote na hakuwa na mpango wa kuinuka.

Mvua za mchana zilitufungia ndani karibu wiki nzima, na nyambizi ikakaa chini ya kitanda changu, imepakwa vizuri, ikingoja. Siku tuliyoipeleka bwawani iliondoka vizuri ajabu. Iliinamisha pua, ikatoweka, nasi tukarukaruka kwenye tope tukishikana mikono. Tulirukaruka muda mrefu. Halafu tukaona mapovu, na baada ya mapovu hatukuona kitu. Tuliikokota kutoka chini kwa reki tuliyoifunga kwenye kamba ya ng'ombe, tukirusha na kuvuta hadi mabega yakawaka moto. Tulipoifungua, maji yalimwagika kama kutoka kwenye birika. Ule mpira ulikuwa umevimba, umelegea, umetoka mahali pake. Atieno aliunusa, akanitazama, akaniuliza nimeupaka nini. Fundi yeyote wa baiskeli angetuambia kwamba mafuta hula mpira. Lakini kwetu sisi, watu wa maziwa, mafuta yale hayakuwahi kumkosea mtu, na ningewezaje kuyashuku?

Nililia, nasema kweli. Atieno hakulia. Alianika kila kitu juu ya gunia karibu na jiko letu la kuni, akakaa akipepea nyaya kwa sahani. Jioni ile alikumbuka kwamba ndani ya pampu ya baiskeli kuna kiduara cha ngozi kilicholowa mafuta, na upepo hauponyoki hata usukume namna gani. Kumbe mafuta hayakuwa na ubaya wowote, yalikuwa yamepelekwa kwa mpira wakati mwenzake ni ngozi. Ngozi ya kufaa ilikuwa moja tu katika boma letu, nayo ilikuwa ulimi wa kiatu cha baba cha kanisani. Jumapili baba aliingia ibadani akikanyaga kwa taabu, akilalamika kwa mama kwamba viatu vya siku hizi havidumu. Mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Tuliifunga nyambizi upya, tukainyoosha propela, tukaipaka mgongo rangi nyekundu iliyobaki geti lilipopakwa, ili ionekane kutoka mbali.

Jumamosi Mjomba Ouma akafika. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye haraka, na wingu lilikuwa limeshaanza kutanda upande wa Sigowet. Vitanda na masufuria vilipakiwa, Odhiambo akawahi kiti cha mbele. Atieno alimwendea mjomba wake na nyambizi mikononi, akamwomba aje bwawani. Mjomba akampa dakika tano. Wachumaji waliokuwa wakitoka kupima majani walisimama na vikapu vyao mgongoni, baba yangu akaja, watoto wakajaa. Ilizama, ikapinda, ikaibuka, watu wakapiga makofi. Ndipo Atieno akaona bado haitoshi. Akaituma tena, safari hii katikati, palipokuwa na kina. Ikashuka. Akabonyeza rimoti, kimya. Akabonyeza tena. Maji yakatulia kabisa, na mtu mmoja nyuma yangu akasema pole. Mjomba alitazama wingu, akatoa funguo mfukoni. Atieno aliiweka rimoti chini kwenye nyasi, taratibu.

"Mjomba, ngoja kidogo," alisema. "Imeenda chini sana, haisikii rimoti, kwa hivyo mota imezima. Ikizima inapanda yenyewe."

Nilisikia ng'ombe wakicheua. Halafu, mbali kuliko nilikokuwa nikitazama, mgongo mwekundu ukachungulia majini, ukatulia hapo. Jamani, kelele zilizopigwa! Akina mama walipiga vigelegele na vikapu vingali mgongoni, baba yangu alirusha kofia, nami nilipiga ukelele hadi sauti ikanipotea kwa siku mbili. Mjomba Ouma hakupiga kelele. Aliingia majini na suruali yake nzuri, akaichukua nyambizi, akafungua kifuniko, akaingiza kidole ndani. Kilitoka kikavu. Akauliza ni nani aliyeamua iwe nyepesi. Nilimnyooshea Atieno kidole kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo. Mjomba akatembea hadi kwenye pikapu, maji yakimchuruzika, akafungua mlango wa mbele.

"Odhiambo, shuka. Huyu anakaa na mimi."

Odhiambo alishuka akicheka, akapanda nyuma akajinyoosha juu ya magodoro, na sijawahi kumwona mtoto aliyefurahi namna ile kupoteza nafasi.

Leo bwawa limeota matete, na nyumba za wafanyakazi nyingi hazina milango. Mashine zinanguruma kwenye chai mahali ambapo zamani tulisikia nyimbo na umbeya. Mimi bado niko hapa, na ng'ombe wangu mwenyewe. Wanangu walinunuliwa kidege cha rimoti kinachopiga picha. Walikitoa kwenye boksi, kikaruka, wakakitazama, wakaenda kula. Siwalaumu, kilikuja kikiwa kizima. Karakana ya Kisumu siku hizi ni ya Atieno, na nusu ya mafundi wake ni wasichana. Juzi binti yangu aliniuliza kama nimewahi kushinda kitu chochote maishani, hata kikombe cha shule. Nilimwambia nimeshinda, na kwamba sikushinda peke yangu. Nikampigia Atieno, nikaweka simu katikati yetu ili yeye ndiye asimulie. Nyuma yake nyundo zilikuwa zikilia na wateja wakimwita. Akawaambia wangoje.