Mume wangu kaniweka foleni ya mwisho kwenye swichi ya nyumbani

Admin, nisitiri jina. Mke mwenzangu yuko humu na anakomenti kila posti.

Nina miaka 36, niko Tabora, ni fundi wa mitandao na mke mkubwa mwenye watoto wawili. Mume wangu naye ni fundi, tulisoma chuo kimoja. Alipooa mke wa pili nilikubali kwa shingo upande. Tunaishi ua mmoja hapa Isevya, nyumba mbili zinatazamana, intaneti ni moja, na swichi, kile kiboksi kinachotugawia intaneti, mume aliifunga mwenyewe kabla hajahamishiwa Kigoma kikazi. Tangu aondoke, zamu zetu zimekuwa za simu ya video. Jioni ananipigia mimi, kisha mwenzangu.

Sasa simu yangu kila siku inaganda, sauti inakuwa kama ya roboti. "Mtandao mbovu, mama watoto, lala salama," anakata. Akimpigia bi mdogo, namsikia mwenzangu anacheka mpaka anapiga makofi. Mtandao huohuo!

Nikachukua laptop, nikafungua mipangilio ya swichi. Jamani, pale intaneti ikizidiwa, swichi inapitisha wa foleni ya kwanza, wengine wanasubiri. Nyumba ya bi mdogo ipo foleni ya kwanza. Mimi nipo ya mwisho, pamoja na kamera ya getini. Na swichi haijipangii hivyo yenyewe, lazima mtu akae achague. Nililia kwa hasira.

Nikampigia kwa simu ya kawaida, nikamuuliza kwa nini. "Mwenzio anauza madera mtandaoni, anaonyesha laivu," akajibu.

"Na mimi ninayeongea na mume wangu, je?"

Akacheka. "Wewe si fundi? Panga unavyotaka."

Nikapanga. Sikuweka sawa kwa sawa, nisiwadanganye. Nilijiweka wa kwanza, mwenzangu nikampeleka foleni ya mwisho na kamera, na roho ikanitulia.

Kesho yake alipopiga, picha ilikuwa safi mpaka nikaona hajanyoa ndevu. Akauliza watoto wamekula, akauliza maji yanatoka, huku anaangalia pembeni. "Haya, mama watoto, lala salama." Hakuna kilichoganda. Alikata mwenyewe.

Nikatoka uani kuanua nguo. Kwa bi mdogo simu ikaita. "Haloo? Sikusikii, mume wangu, rudia!" Ikakatika. Mume akapiga tena. Ikakatika, akapiga tena. Nimekunja nguo zote, shuka mpaka soksi, bado anapiga, na wanachekea huko kukatika kwenyewe. Mimi simu yangu ikikatika hajawahi kupiga mara ya pili.

Wivu unanila, siwezi hata kumjibu mwenzangu salamu. Mume hanipigi, hela ya chakula anatuma, ukweni wananiheshimu. Nikienda kwa wazee nitashtaki nini? Swichi nimeiacha hivyohivyo, sijui nairudisha au la. Dada zangu, kaka zangu, nishaurini. Nimwambie nini mume ambaye simu yangu ikikatika, anashukuru?