Samaki wa Papa Kando ya Muhazi

Katika familia yetu mimi ndiye mtu wa kulazimisha mambo. Kaka yangu mdogo alikuwa akinitania kwamba ningezaliwa mwanamume ningekuwa bwana shamba, kazi yangu kuzunguka vilimani nikiwapigia watu kelele wapande mihogo. Sibishi. Ukiniambia jambo haliwezekani, damu inanichemka. Kwa hiyo mwaka wa tisini na mbili, baba yangu alipoacha kula, niliamua kwamba atakula.

Tuliishi Kanombe, upande ule ambao ukikaa nje ndege zinakukata maneno. Baba, ambaye sote tulimwita Papa, alipakia mizigo uwanja wa ndege mpaka akastaafu. Mama alitoka Bujumbura na ndiye aliyeleta Kiswahili nyumbani. Kinyarwanda tulikiokota barabarani na shuleni. Kaka alikuwa fundi wa magari. Mimi nilifundisha shule ya msingi na nilikuwa sijaolewa, na kaka alisema sababu yake inasikika mpaka kwa majirani.

Papa alianza kwa kukohoa akila. Kisha nyama ikamshinda, kisha viazi, kisha hata maharage yaliyopondwa. Hospitalini daktari alituchorea koo kwenye karatasi, akatia doa jeusi, akatueleza kwa upole kwamba hapo hapapitiki tena na kwamba wao hawana la kufanya. Labda Ulaya, alisema. Angeweza kusema labda mwezini. Tangu hapo Papa aliishi kwa uji mwepesi, kijiko cha chai baada ya kijiko cha chai, na siku nyingine hata huo ulirudi na kutokea puani. Mama alizipunguza suruali zake kiunoni mara kwa mara, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana.

Mimi nikapata wazo la ziwa Muhazi.

Kando ya ziwa hilo, kama mwendo wa saa moja kutoka mjini, kulikuwa na mgahawa ndani ya nyumba ya zamani ya mawe. Watu walisema aliijenga Mjerumani, akaichukua Mbelgiji, na baada ya hapo kila mtu alikuwa na hadithi yake. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha. Bafuni walikuwa wameliacha beseni kubwa la kuogea la wale Wazungu, jeupe, lenye miguu kama ya simba, na humo ndimo walimowaweka tilapia wakiwa hai. Mteja aliingia bafuni, akainama, akachagua samaki wake akizunguka mahali Wazungu wale walipojisugua migongo. Papa alitupeleka huko tangu tukiwa wadogo, si mara nyingi, labda Pasaka au mtu akifaulu mtihani. Kuchagua ilikuwa kazi yake. Alisimama pale kama mtu anayemtafutia mwanawe mchumba, akitikisa kichwa, akikataa huyu na yule, huku mhudumu akingoja na wavu wake. Kisha tulikaa barazani, maji chini yetu, Mama akilalamika kwamba chumvi imezidi na akimfyonza samaki mpaka kichwa.

Nilijiaminisha kwamba koo lililokataa uji wa Kanombe halingeweza kumkataa samaki wa Muhazi. Ujinga, lakini niliushika kwa mikono miwili.

"Umuache muzee," Mama aliniambia. "Amechoka."

Papa mwenyewe ndiye aliyekata shauri, kwa ile sauti ndogo iliyokuwa imembakia. "Twende. Watoto wanataka kula, twende."

Kaka akaazima gari la rafiki yake na Jumapili tukaondoka baada ya misa. Tangu vita vianze kule kaskazini barabara zilikuwa na vizuizi vya askari, nasi tulikuwa tumeshazoea: unapunguza mwendo, unatoa kitambulisho, unanyamaza. Asubuhi ile tulipita bila neno.

Mgahawani hapakuwa na watu wengi. Mhudumu, mtu mzima aliyetujua, alikuja akikimbia.

"Muzee, karibu! Siku mingi! Samaki iko, na iko mikubwa."

Nikamshika Papa mkono mpaka bafuni. Alitazama kidogo tu ndani ya beseni, akaonyesha kwa kidole, huyu, huyu, huyu na huyu, akageuka kutoka. Hakumkataa hata mmoja. Nilitamani akatae.

Samaki wakaja wakiwa wazima, wamekaangwa, vitunguu juu, ndizi za kukaanga pembeni. Na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekifanya. Nyumbani kwetu hakuna aliyegusa chakula kabla Papa hajala tonge la kwanza. Hakuwahi kutupiga kwa ajili hiyo wala kutufundisha kwa maneno; ndivyo tulivyokulia. Akichelewa kazini tulikaa tukikitazama chakula kinapoa, hata wageni wakingoja pamoja nasi. Tangu augue tulikuwa tumetafuta njia ya kukwepa: yeye anakunywa uji wake chumbani, sisi tunakula jikoni tumesimama. Mama alisema tunadonoa kama kuku. Lakini pale barazani meza ilikuwa moja, na yeye alikuwa ameketi mahali pake.

"Kuleni," Papa akasema.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kaka aliiweka mikono yake chini ya meza. Mama aligeuka akatazama ziwa. Nikajiambia, anza wewe, si wewe uliyewaleta? Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, darasani watoto hamsini walinitii, na mkono wangu mwenyewe ulikataa kutoka mapajani. Mafuta yakaanza kuganda kwenye sahani.

Papa akatutazama mmoja mmoja. Kisha akavuta sahani yake, akabandua kipande cha nyama nyuma ya kichwa cha samaki, akakipapasa kwa vidole kutafuta miiba, akakitia kinywani. Alitafuna polepole. Tuliliona koo lake likipanda na kushuka.

"Asante Mungu," Mama akasema kwa sauti.

Akachukua kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Nilifurahi mpaka nikahisi kizunguzungu. Tukala. Jamani, tulikula! Niliongea chakula kikiwa mdomoni, nikamcheka Mama, nikamwambia kaka, "Si niliwaambia?" Nikapanga tuje kila Jumapili. Kaka akaagiza ndizi nyingine. Papa alikaa amefumba midomo, akitutazama, akiitikia kwa kichwa. Mhudumu alipomuuliza kama samaki alikuwa mzuri, alimwinulia kidole gumba. Mara moja alisimama, akaonyesha upande wa nyuma ya nyumba kwamba anataka kwenda peke yake. Nikamwambia kuna utelezi, Papa, nakuja nawe. Akaketi tena. Nilimshika mkono mpaka garini na nikakaa naye kiti cha nyuma.

Pale njia ya vumbi inapokutana na lami palikuwa na askari wengine, si wale wa asubuhi. Mmoja, kijana, alikusanya vitambulisho, akavisoma, akainama dirishani kwa Papa.

"Muzehe, muva he?"

Alitaka kujua tunatoka wapi. Papa hakujibu. Nikasema ni mgonjwa. Askari akasema hajaniuliza mimi, akarudia swali lake. Papa akaonyesha koo lake. Askari akafungua mlango, akamwambia ashuke, naye akashuka, akisimama kwa kuushika mlango ule. Mikono ya kaka ilikuwa juu ya usukani na haikutikisika.

"Fungua kinywa," askari akasema.

Niliiona bunduki na nikaiona shingo ya Papa, nyembamba ndani ya kola, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Papa hakumtazama askari. Alinitazama mimi. Kisha akakinga kiganja chini ya kidevu, akafungua kinywa, na samaki wote akatoka, kipande cha kwanza na cha pili, amekuwa donge moja jeupe.

Askari akalitazama donge lile. Akaniuliza ni nini.

"Ni samaki," nikasema.

Akarudisha vitambulisho, akatupungia mkono tupite.

Mama aliomba tubadilishane viti. Akachukua lile donge kwa pindo la kitenge chake, akaanza kumfuta Papa kiganja, kidole baada ya kidole. Kaka aliendesha polepole mno. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia nikamkosa.

Tulipokuwa tumeenda kidogo Papa akasafisha koo. Ilimchukua muda kuipata sauti.

"Mmeshiba?"

Mama akaitikia. Kaka akaitikia. Papa akaendelea kuniangalia kwenye kile kiti cha mbele, akingoja.

"Tumeshiba, Papa," nikasema.