Kalamu ya Kijani ya Mtu wa Mashoto

Yule mama mpima macho hakujaliwa kutulia. Kiti alichopewa kazini kilibaki kipya. Mgonjwa ndiye aliyekaa, yeye alisimama, akabadilisha lenzi, akauliza, "Hii au hii? Hii au hii?" mpaka wengine wakajibu ili mradi apumue. Mkononi alikuwa na kalamu. Ukirudi baada ya saa moja, ungemkuta na nyingine.

Alipenda kalamu za wino, zile za kunyonya wino kwenye kichupa, si hizi zikiisha unatupa. Alikuwa nazo droo nzima, zimelala ndani ya vibweta vya miwani ambavyo wateja hawakuvitaka.

"Hujui raha yake," alimwambia karani wa mapokezi. "Biro unaikandamiza kama unachimba shimo. Hii unaishika tu, yenyewe inakwenda. Halafu tazama wino unavyong'aa kabla haujakauka. Tazama, tazama upesi!"

Karani alitazama, akakuta umeshakauka. Yeye ndiye aliyembandika jina la Mama Wino, kwa sababu vidole vyake viwili havikuwahi kutakata.

Tatizo ni kwamba raha yenyewe haikukaa. Kila kalamu mpya ilimtosha siku chache, kisha roho ikaanza kumcheza. Pengine ipo nyingine, nyepesi kidogo, laini kidogo, na sasa hivi iko mikononi mwa mtu asiyejua alichoshika. Jumapili ikifika, utamkuta kwenye soko la mitumba, ameinamia makapu ya vijiko na funguo zisizo na makufuli.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mzito wa maneno. "Wenzangu wanaibiwa wake na wanaume," alizoea kusema. "Mimi naibiwa na vijiti." Yeye mwenyewe na kuandika walikuwa mbalimbali. Karatasi yoyote ikiingia nyumbani aliisukuma upande wa mkewe. "Andika wewe. Mwandiko wangu kama kuku kaparura."

Jumapili moja, ndani ya bakuli la saa mbovu, mama akaiona ya kijani. Kijani cha chupa, yenye kifuniko kilichofifia pale kidole gumba cha mtu kilipozoea kushika. Hakuuliza mara mbili. Aliondoka nayo mbio kana kwamba muuzaji angemfuata.

Nyumbani aliilaza kwenye maji ya vuguvugu. Wino wa zamani ukatoka taratibu, nyuzi za buluu zikijipinda ndani ya bakuli kama moshi. Hapo ndipo alipopenda kuliko pote: kuutazama wino wa mtu asiyemjua ukitoka, huku akijiuliza neno la mwisho aliloliandika nao lilikuwa nini. Kisha akaijaza, akatandaza karatasi safi, akaandika.

Krrr. Kalamu ikakwaruza kama ukucha juu ya bati.

Aliigeuza, akaiinamisha, akabadilisha karatasi. Krrr. Kesho yake akaenda nayo kazini, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Ncha haikuwa imepinda wala kupasuka. Ililika upande mmoja tu, ikalala mshazari. "Iliwahi kuanguka," akajisemea, ingawa haikuonekana hivyo. Siku hiyo aliwauliza wagonjwa wawili swali lilelile mara mbili. Alikuwa na kalamu droo nzima zinazoandika, na asiyoweza kuiacha ndiyo hii isiyotaka.

Jioni fundi aliporudi alimkuta mezani, amesimama, kipande cha msasa laini mkononi.

"Unafanya nini?"

"Naisawazisha. Ama itaandika, ama nitaiharibu nipumzike."

"Hebu subiri. Lete nione."

Akaichukua kama anavyochukua spana, bila kufikiri, kwa mkono wa kushoto. Akavuta mstari kwenye ukingo wa gazeti. Kalamu haikutoa hata sauti. Akavuta wa pili, mrefu, wenye mawimbi. Kisha akaandika jina lake.

Wote wawili wakalitazama. Herufi zilikuwa kubwa, za mtoto anayejifunza, lakini hazikutetemeka.

"Mwenye kalamu alikuwa mtu wa mashoto," mama akasema polepole. "Ameiandikia mpaka ikafuata mkono wake." Halafu, "Na wewe? Mbona unaandikia kulia?"

Fundi akautazama mkono wake wa kushoto. "Shuleni mwalimu alikuwa akinifunga huu kwenye dawati. Kwa mkono wa sweta langu mwenyewe. Baadaye hakuhitaji tena kufunga."

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Ningekwambia nini? Nilijua mimi ni mjinga wa kuandika, basi."

Akaiweka kalamu chini, akatoka uani. Mama alimwona dirishani akienda na kurudi kati ya tanki la maji na ukuta, mtu ambaye hukaa kama jiwe. Alimfuata.

"Walisema nisiende sekondari," fundi akasema bila kusimama. "Kwa ajili ya mwandiko. Ningekuwa nani mimi?"

Mama akatembea naye tu, huku na huku, mpaka miguu ya fundi ikachoka.

Alimwachia ile kalamu, na tusidanganyane, ilimuuma. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuokota, naye hakuweza kuandika nayo hata nukta. Mara mbili aliichomoa kwenye mfuko wa shati la mumewe, akaijaribu, ikamkwaruzia, akairudisha kwa hasira.

Fundi naye akaanza kuandika. Kwanza alichafua kila kitu, maana mkono wa kushoto hupita juu ya wino mbichi. Mashati matatu yakaharibika mikono. Mama akapata kazi mpya ya kuhangaikia, akazunguka maduka akitafuta wino unaokauka haraka, akarudi na vichupa ambavyo hakuna aliyemtuma. Fundi akaandika majina ya vipuri, halafu maneno ya kwenye pakiti za unga, halafu kila jokofu lililotoka karakana likawa na kikaratasi: lilikuwa na ugonjwa gani, limetibiwaje. Wateja walivisoma wakacheka, kwa sababu kimoja kilisema, "Usilipige teke, linasikia."

Siku moja vipuri vilipoletwa, mwenye gari alimnyooshea biro asaini. Fundi akaikataa, akafuta mikono, akachomoa ya kijani, akafungua kifuniko.

"Fanya haraka mzee, nina safari nyingine," mwenye gari akasema.

"Ngoja," fundi akasema, akainama, akaanza na herufi ya kwanza.